Kitalu cha Kiu

Mama yangu hakuwa mtu mbaya. Nalisema hili mapema kwa sababu najua mkifika katikati mtataka kumtemea mate. Mimi mwenyewe nilitaka, ila mate ya kumtemea mama mzazi humrudia mtu usoni. Alikuwa mtu wa kazi. Kwenye shamba la mbegu tulikokuwa tunafanya kazi walimwita Jemadari, maana funguo za mabomba yote ya maji zilining'inia shingoni mwake, na hakuna mche uliokunywa tone bila yeye kuuambia kunywa. Mimi waliniita Pilipili. Msiniulize kwa nini.

Shamba lilikuwa la mbegu za nyanya. Watu wanadhani mbegu inatoka kwenye pakiti. Thubutu! Mbegu inatoka kwenye uozo. Nyanya zikiiva kupita kiasi tunazichuma, tunazikamua kwenye mapipa, tunaziacha zichache mpaka zitoe povu na harufu ambayo hata nzi wanaitulia kwa adabu, ndipo tunaziosha. Kuosha ilikuwa kazi yangu. Unamimina maji, unakoroga kwa mkono, unasubiri. Mbegu nzima inazama. Mbegu tupu inaelea, na inayoelea unaimwaga mtaroni pamoja na maganda. Mikono yangu ilinuka kiasi kwamba mume wangu alinitaka nile hata mkate kwa kijiko. Siku moja nikamwambia akale na mwanamke anayenukia, na kumbe alikuwa anaye tayari. Nikafungasha sufuria zangu nikarudi kwa Mama.

Nyumbani nilimkuta kaka yangu na mkewe. Kaka alikuwa dereva wa lori la shamba, mwanamume mrefu mwenye sauti ya kutisha barabarani, lakini mbele ya Mama alikuwa kifaranga. Mkewe, wifi yangu, alikuwa mpole, tena mpole wa kuudhi. Ukimkanyaga, yeye ndiye anakuomba radhi. Alifanya kazi pale pale shambani, kwenye vichanja vya kukaushia, akizigeuza mbegu kwa kiganja ili zisigandane. Nilimpenda. Sikuwa na mtoto, sikuwa na mume, na yeye alinipokea kama vile nyumba ile ilikuwa inanisubiri mimi tu.

Tangu nirudi alikuwa ameshika mimba mara mbili, na mara mbili zikatoka, ya pili ikiwa imeshaanza kucheza. Na mara zote mbili Mama alimlea kama yai. Maziwa asubuhi, mayai mchana, nyama jioni. Usinyanyue ndoo, usiiname, lala. Sisi wengine tulikula maharage huku tukinusa nyama ya mjamzito. Mimba ya pili ilipotoka, Mama alikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, mikono mitupu, akasema, "Sijui nimekosea wapi." Sikuwahi kumsikia Mama akilisema neno kukosea juu yake mwenyewe. Nilimhurumia sana siku ile.

Ndipo akaja Bwana Kiu. Alikuwa mtaalamu wa mbegu, mtu wa makamo mwenye miwani iliyofungwa waya sikioni, na jina hilo tulimpa sisi kwa sababu ya wazimu aliokuja nao. Aliagiza kitalu kimoja kifungiwe maji. Nyanya zikiwa zinatoa maua, jamani! Kifungwe mpaka majani yalegee, kifunguliwe kidogo, kisha kifungwe tena. Mama nusura amtupie funguo. "Mimi nimeajiriwa kunywesha," alimwambia, "sikuajiriwa kuua." Lakini bosi naye akasema funga, basi Mama akafunga, na kila alipokipita kitalu kile aligeuza uso.

Nyanya zilizotoka pale zilikuwa ndogo, ngozi ngumu. Tukazikamua, tukapanda mbegu zake tuta moja, na tuta la pili tukapanda mbegu za kitalu kilichoshiba maji. Miche ilipochangamka Bwana Kiu akasema sasa fungeni kote. Ikapita siku, ikapita nyingine. Jua la mchana likaja kuikuta miche ya kitalu kilichoshiba imelala chini kama matambara. Ya kitalu cha kiu ilikuwa imesimama. Wafanyakazi wote tulikuwa pale na majembe yetu, midomo wazi.

Bwana Kiu akatueleza. Mmea ukipatwa na shida ukapona, hausahau. Unabaki na alama ndani kwa ndani, na alama nyingine unaziachia mbegu zake. Shida ikirudi, unafunga vitundu vya majani mapema na kutunza maji yake wakati jirani yake bado anashangaa. "Miche hii haijawahi kuonja kiu," alisema, "lakini mama yao aliionja, basi nayo inaijua." Akaenda zake kunywa chai. Mama hakwenda. Alibaki amechuchumaa tutani, akishika majani moja moja, na wifi yangu amesimama nyuma yake. Wiki ile ile wifi alikuwa ametuambia kwamba amepata mimba tena.

Jioni hiyo hapakuwa na maziwa mezani.

"Mama, maziwa ya wifi yapo wapi?" nikauliza.

"Bomba limefungwa," akasema.

Nikacheka, nikidhani ni utani. Nikamtazama wifi ili tucheke wote. Wifi hakucheka. Alikuwa anakunywa uji mwepesi polepole, akiwa ameinama, na nikajua walikuwa wameshaelewana wawili hao.

Mama alifanya kama kitaluni hasa. Siku kadhaa wifi alipata mlo mmoja mdogo, uji na kipande cha mkate. Kisha akafunguliwa siku mbili tatu, akala vizuri. Kisha akafungwa tena. Maji ya kunywa hakumnyima. Kila asubuhi alimvuta kope la chini akamtazama jicho, akambonyeza mkono kama alivyobonyeza udongo, na akiona amelegea sana alimfungulia. Hakuwa anamtesa. Alikuwa anamkomaza, na aliifanya kazi hiyo kwa uangalifu ambao sijauona hata kwa wauguzi. Usiku alimkanda miguu kwa mafuta.

"Huyu ni mtu, Mama, si nyanya," nilimwambia.

"Tulimshibisha mara mbili. Tukapata nini?"

"Yale ya Mungu."

"Na haya pia ya Mungu. Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto akiijua shida tumboni, duniani haitamwangusha."

"Atafika huko duniani akiwa na nini?"

"Mchelea mwana kulia hulia yeye," akasema, akaendelea kuosha vyombo. Mama alikuwa na methali ya kufungia kila mlango.

Nikaona niachane na mwenye kutoa amri, niende kwa mwenye tumbo. Nilichemsha mayai mawili, nikayafunga kwenye kitambaa, nikampelekea wifi kichanjani wakati wa mapumziko. Aliyashika mkononi. Yalikuwa bado ya moto, na niliona koo lake likimeza mate. Akanirudishia.

"Unanipenda, wifi, najua," alisema. "Lakini wale wawili walikufa nikiwa nimeshiba."

"Hawakufa kwa ajili ya shibe!"

"Basi walikufa kwa ajili ya nini?"

Hapo ndipo aliponiweza. Daktari alikuwa amesema hutokea. Hutokea! Ukimwambia mwanamke aliyezika mara mbili kwamba hutokea, hujamwambia kitu. Mama alikuwa amempa sababu, na juu ya sababu amempa kitu cha kufanya kila siku asubuhi mpaka jioni. Nikayala mayai mwenyewe nyuma ya mapipa, nikilia kwa hasira, na yakanikwama.

Siku moja tuliosha mbegu za kitalu cha kiu, mavuno ya pili. Mama alikuja kunifungulia maji. Nilikoroga, nikasubiri, na uso wa pipa ukajaa mbegu zinazoelea. Zilikuwa nyingi kuliko zilizozama. Pipa la kitalu cha shibe halikuwahi kuwa hivyo.

"Mama, njoo uone. Hizi tunazomwaga, zenyewe mama yao hakuionja kiu?"

Akatazama. "Hizo si mbegu, ni maganda."

"Zingekuwa mbegu kama angekunywa. Kule tutani tulishangilia zilizosimama, kwa sababu hizi hatukuzipanda. Zilikuwa zimeshaingia mtaroni."

"Wewe umezoea kumwaga, ndiyo maana huoni kingine."

Angenyamaza hapo, pengine nami ningenyamaza. Lakini akaongeza, "Mimi mwenyewe nilibebwa tumboni wakati wa njaa. Mwaka ule watu walikula majani. Mbona nipo? Nimewahi kuugua lini?"

"Na ndugu zako wako wapi?" nikamuuliza.

Alinizaba kofi. Mtu mzima mimi, nimeshaolewa na kuachika, mbele ya wenzangu wa kwenye mapipa, nikapigwa kofi la mtoto. Ndugu zake wote walikufa wachanga, nilijua, kila mtu nyumbani alijua, na lilikuwa jambo lisilotajwa. Maji yalikuwa yanafurika miguuni mwetu na hakuna aliyefunga. "Wewe hujazaa," akaniambia kwa sauti ya chini. "Usinifundishe tumbo." Nikaimwaga ile mbegu yote mtaroni nikaenda kukaa kivulini, shavu linawaka, na moyo unawaka zaidi.

Nikaenda kwa Kaka. Nilimkuta chini ya lori, miguu tu ndiyo inaonekana.

"Mkeo anakonda na tumbo linakua," nikaiambia ile miguu. "Unaona au huoni?"

"Mambo ya wanawake hayo. Mama anajua."

"Mama anajua mabomba!"

"Mwenyewe analalamika? Halalamiki. Basi wewe unalalamikia nini?" Kisha akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Namtaka mtoto huyu, dada. Wakiniambia nisimame kwa kichwa, nasimama."

Nilimpiga teke kwenye kiatu, nikaondoka.

Zahanati nako nilikwenda na wifi. Mkunga alikuwa mama mnene mwenye kicheko, lakini alipompima wifi kicheko kikaisha. Akamuuliza anakula nini. Wifi, yule mpole asiyejua kusema uongo, akataja mayai na maziwa na mboga bila hata kupepesa macho. "Anadanganya," nikasema. Mkunga akatutazama wote wawili, akampa vidonge vya damu, akamwambia, "Mama, mtoto hana jiko lake. Anakula kwenye chungu chako." Wifi akaitikia ndiyo, asante. Njiani kurudi hakunisemesha. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona wifi amekasirika, na aliyemkasirisha ni mimi.

Likabaki jiwe moja tu la kurusha. Aliyewasha moto, na auzime. Nikamfuata Bwana Kiu ofisini kwake nikamweleza yote. Kwanza alitabasamu, akidhani ni kichekesho. Kisha akavua miwani na uso ukambadilika rangi. Siku ya mapumziko akaja nyumbani, amevaa shati lililopigwa pasi, akakaa kwenye kiti cha Kaka. Wifi akamletea chai na akakaa kwenye mkeka karibu na Mama. Mimi nilisimama mlangoni ili mtu asitoroke.

"Mama," akaanza, "nasikia mambo ya nyanya yameingia nyumbani."

"Yameingia," akasema Mama kwa utulivu.

"Mmea na mtu ni vitu viwili. Mmea umefungwa mizizi, hauwezi kuifuata mvua, ndiyo maana unajifunza kuvumilia. Mtu akipata njaa dawa yake ni kula. Tafadhali sana, huyu binti ale."

"Nimekusikia, mwanangu. Nakuuliza kitu kimoja, na unijibu kama msomi, usinijibu kama mgeni. Mwili wa mtu unakumbuka, au haukumbuki?"

Nilimtazama yule bwana nikimwomba kwa macho. Sema haukumbuki. Danganya, baba, dunia haitaanguka. Akazungusha kikombe kwenye kisahani.

"Unakumbuka," akasema. "Watoto waliobebwa wakati wa njaa kubwa wamechunguzwa mpaka uzeeni, na miili yao ina alama. Lakini, Mama, alama zenyewe ni maradhi. Sukari, moyo, presha. Tena hao ni wale waliobahatika kufika uzeeni."

Mama alikuwa ameshasimama anamwongezea chai. "Nilijua tu," akasema. Na wifi pale mkekani akaweka mkono tumboni na kutabasamu, tabasamu la mtu aliyethibitishiwa na serikali.

Nilimsindikiza Bwana Kiu mpaka getini nikiwa nimefura. "Ungedanganya ungepungukiwa na nini?"

"Ningedanganya asingeniamini."

"Amekuamini nusu. Na nusu yenyewe ndiyo hiyo mbaya."

Akaenda zake akiburuta viatu kama mtu aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa.

Uchungu ulimkuta wifi kichanjani, kabla kabisa ya wakati wake. Niliona trei ya mbegu imemwagika chini, na hilo lilinitisha kuliko ukelele, maana wifi hakuwahi kumwaga hata mbegu moja. Alikuwa ameshika nguzo ya kichanja kwa mikono miwili. "Wifi," akasema, "ni mapema, eti?" Nikamwambia siyo mapema sana. Mimi ninayejisifu kwa ukweli. Kaka akaleta lori likiwa bado na magunia nyuma, Mama akapanda akakiweka kichwa cha wifi mapajani, na njia nzima ya kwenda zahanati alimnong'oneza, "Wewe ni mgumu. Umekomaa. Wote wawili mmekomaa."

Mtoto alikuwa wa kike. Alilia. Sauti ndogo, lakini alilia, na tuliokuwa ukumbini tuliisikia, na Kaka akaziba uso kwa mikono yake mikubwa akawa anacheka na kulia kwa pamoja. Tuliporuhusiwa kuingia tulimkuta mtoto kifuani kwa mama yake, amefunikwa mpaka kichwani. Nilidhani nimejiandaa. Mikono yake ilikuwa myembamba hata sikujua nimtazame wapi. Ngozi ilikuwa imemzidi, kama amevaa nguo ya dada yake mkubwa. Mimi ni shangazi yake. Nilitaka kusema neno la shangazi, la kumtania pua au kichwa, nikashindwa.

Mama akapenyeza kidole chini ya shuka, na mtoto akakishika.

"Mnaona?" Mama akasema, akitugeukia sote, uso unang'aa. "Mnaona anavyoshika? Ana nguvu huyu. Pilipili, njoo uone."

Wifi naye akatoa kidole chake, na mtoto akakishika hicho pia. Alikuwa anatazama tu kile kidole kilichoshikwa, na sijawahi kumwona mtu ana furaha kiasi kile, wala sitaki kumwona tena.

Mkunga aliagiza mtungi wa hewa, wakaleta. Alimdondoshea maziwa kinywani, tone kwa tone, na matone yakatoka pembeni ya mdomo. Waliulizia gari la hospitali kubwa, wakaambiwa linakuja. Mchana ukageuka, jua likahamia upande wa pili wa dirisha. Gari lilipofika halikuwa na wa kumchukua.

Mkunga alikuwa anakunja shuka ndogo. Mama alisimama mbele yake, wima, sauti yake ya kazini.

"Alikuwa na ugonjwa gani?"

"Hakuwa na ugonjwa, mama."

"Mtoto hafi bila ugonjwa. Alinishika kidole. Alikuwa na ugonjwa gani?"

Mkunga akamtazama. Nadhani alikuwa amechoka, nadhani siku nyingine angetafuta maneno laini. "Alikuwa na njaa," akasema. "Amezaliwa nayo."

Nilikuwa na neno langu nililolilea miezi yote ile. Umemuua. Lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nikamgeukia Mama nilitoe, nikamkuta ameketi sakafuni, miguu imenyooka mbele yake kama mtoto, funguo zimemwangukia kifuani, anatazama viganja vyake. Nikaliacha. Halikuwa na kazi tena, lilikuwa limeshamfikia.

Tulizika kesho yake. Kaka alimbeba mwenyewe, kwa mkono mmoja, na mkono wa pili haukuwa na cha kufanya.

Baada ya hapo Mama alikwenda shambani mara moja tu, kurudisha funguo. Akarudi nyumbani akaingia jikoni. Alipika kama mtu anayekimbizwa. Maziwa, mayai, nyama ya kuchemsha, viazi vilivyopondwa na siagi. Alichungulia masufuria, akaonja, akaongeza. Wifi alikaa kitandani, mgongo ukutani, na kila sahani ilipokuja alishukuru, akachota kijiko kimoja, viwili, akairudisha. Tulisema ni msiba. Mtu akifiwa chakula hakipiti, tukasema, tumpe muda. Majirani walikuja wakasema vivyo hivyo. Kaka alijaribu kumlisha kwa utani, akijifanya ndege, akijifanya lori, na wifi alitabasamu ili kumridhisha mumewe na hakufungua mdomo.

Lakini mimi nina macho. Mtu wa msiba hatazami chakula. Wifi alikuwa anakitazama. Koo lake lilikuwa linameza mate, kama siku ile ya mayai. Alikuwa na njaa na alikuwa anaikataa, kwa makusudi, tena kwa kipimo: siku kadhaa vijiko viwili, kisha siku moja anakula sahani nzima mpaka tunashangilia, kisha vijiko viwili tena.

Nikamwambia Mama. Nilimwambia pale pale jikoni, bila kuzunguka, na hakunibishia hata neno. Alichota uji wa maziwa kwenye bakuli, akaingia chumbani, nami nikamfuata. Kisha Mama yangu, Jemadari, ambaye hakuwahi kumwomba mtu radhi hata akimmwagia maji ya moto, akapiga magoti kwenye sakafu mbele ya mkwewe.

"Kula, mwanangu," akasema. "Nilikosea. Nakuomba kwa magoti yangu, nilikosea, nimekosea, ule."

Wifi alishtuka. Alishuka kitandani haraka, akajaribu kumwinua. "Jamani Mama, usifanye hivyo. Simama. Hukukosea."

"Nilikosea."

"Hukukosea, Mama. Wale wa kwanza hawakulia hata kidogo. Huyu alilia, wote mlimsikia. Alitushika vidole." Alikuwa anamfuta Mama machozi kwa ncha ya kanga yake, akimbembeleza kama vile mfiwa ni Mama. "Tulichelewa kuanza, basi. Sasa mwili umeshajua. Anayekuja ataukuta umeshajua."

"Hakuna anayekuja!" nikapiga kelele. "Utakufa wewe! Kula, mwanamke, kula!"

Akanigeukia. Sikuona wazimu machoni mwake, na ningeuona ningeshukuru. Alikuwa wifi yangu yule yule, mpole, anaona aibu kutusumbua.

"Nikila sasa, wifi," akasema, "mwanangu atakuwa amekufa bure."

Mama akainua kijiko hata hivyo, uji unadondoka sakafuni. Wifi akasema samahani, Mama, akageuza uso ukutani.